Mnaniuliza video ya Chapo. Hakuna.

Wasee, leo tuongee ukweli. Mwezi mzima sasa komenti zangu ni zilezile. "Chapo yuko wapi?" "Lete video akiachiliwa." Kuna mmoja ameandika kwamba amekuwa nasi tangu Chapo akiwa hana nywele, kwa hivyo ana haki ya kuona mwisho. Nimekusoma, na sikulaumu. Mimi ndiye niliyewazoesha kuona kila kitu. Lakini hiyo video haipo, na hata ningekuwa nayo singeipandisha.

Nitawaambia kwa nini, ingawa itabidi nikubali kitu ambacho kimenikaa rohoni. Chapo alikuwa tayari kuondoka mwezi wa nne. Aliondoka mwezi wa tisa. Hiyo miezi mitano ya katikati haikuwa ya kumsaidia yeye. Ilikuwa yangu, na ilimharibu.

Kwa wageni: mwisho wa Januari, ploti iliyo nyuma ya kwetu hapa Uthiru ilipata mnunuzi. Kulikuwa na mikima minne mikubwa ambayo nimeiona tangu nikiwa mtoi. Siku mbili za msumeno wa mashine na yote ikawa chini. Saa hii hapo kuna gorofa. Jioni ya siku ya pili soja wa mjengo akanipigia mluzi juu ya ukuta: "Wewe wa video, hebu kuja uone." Kwenye matawi kulikuwa na kiota kimepasuka, na ndani yake watoto wawili wa kindi, wekundu, macho yamefungwa, wadogo kama kidole changu.

Hapo kulikuwa na mambo mawili ya kufanya. La kwanza, kuwaweka kwenye katoni yenye joto karibu na pale mti ulipokuwa, kisha watu waondoke. Mama kindi huwa hana kiota kimoja tu. Akipata utulivu, na watoto wakiwa na joto, anaweza kuja kuwabeba kwa mdomo, mmoja mmoja, awapeleke kwingine. La pili, mama asipokuja, kupiga simu kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Kindi ni mnyama wa porini hata akiishi kwenye mti wa kwenu, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haikuruhusu kukaa na mnyama wa porini nyumbani bila kibali. Si ati kwa sababu ni mdogo basi ni wako.

Mimi nilitoa simu, ndio, lakini nilifungua kamera.

Wa pili alikufa siku ya tatu. Hamkumjua kwa sababu sikumpandisha. Nilimpa maziwa ya pakiti na sirinji, haraka haraka, mwili wake ukiwa bado baridi, nikiwa nimemlaza chali kama mtoto wa binadamu. Maziwa yakamtokea puani. Ndipo mathe akaniitia jirani yetu anayesomea udaktari wa mifugo pale Kabete. Akanifundisha kwamba mtoto wa kindi anapashwa joto kwanza ndipo analishwa, kwa sababu tumbo likiwa baridi halisagi kitu. Analala kifudifudi akinywa, na anapewa tone kwa tone, yasije yakaingia mapafuni. Maziwa ya ng'ombe ya kawaida yanamharisha, na kiumbe kidogo hivyo kikiharisha hakichukui muda. Baada ya kunionyesha hayo yote akaniambia, "Sasa umejua. Kesho piga simu, wachukuliwe na wanaojua." Nikasema sawa, kesho.

Hiyo kesho ilifika Septemba.

Katikati hapo mliona wenyewe. Macho yakafunguka. Manyoya yakaota. Mkia ukaanza kuwa mkia. Akaunti yangu ilikuwa na watu 400 Krismasi, kufikia Pasaka mlikuwa 31,000. Chapo akila karoti, Chapo kwenye kofia, Chapo amelala ndani ya soksi yangu. Nilikuwa nikisema kwenye kila video kwamba lengo ni kumrudisha porini, na nilikuwa nikiamini. Hiyo ndiyo inanishangaza. Sikuwa nikidanganya. Nilikuwa nasogeza tarehe tu.

Mwezi wa nne yule jirani alikuja kumwona. Chapo alikuwa analala peke yake kwenye balkoni, ndani ya kiota alichojijengea kwa nyuzi za gunia. Njugu alikuwa anafungua maganda mwenyewe. Chupa alishaikataa. Mwewe akipita juu ya mabati, alikuwa anaganda kama jiwe, kisha anapiga mkia na kulia ile sauti yao ya kuonya. Na jirani alipofika alimkimbia, akapanda juu ya pazia, akakataa kushuka. Mimi niliona aibu, nikaanza kumwomba msamaha kwa sababu "leo ana mudi mbaya". Yeye akacheka. Akaniambia, "Hapana, hii ndiyo tunataka. Ameiva. Mpeleke."

Nikamwambia mvua ndefu zimeanza. Kweli, si vizuri kumwachilia mnyama kwenye mvua ya siku tatu mfululizo. Lakini kumpeleka kwa wanaojua hakuhitaji jua, na isitoshe mvua iliisha. Ikaja baridi ya Juni na Julai, ile ya hapa upande wetu ambayo hata maji ya mtungi yanauma meno, nikasema ataganda. Kindi wa Nairobi anazaliwa Nairobi, baridi anaijua kuliko mimi. Kisha Agosti muuza makava ya simu akanipa pesa ya msururu wa video 30, Chapo akiwa ndani. Hapo sikuhitaji tena kisingizio cha hali ya hewa.

Mathe ndiye aliyeuliza swali la maana nyumba hii yote. Alikuwa anaosha vyombo, hakuangalia hata nyuma. "Hiyo panya yako ya mti, unangoja iwe tayari, ama unangoja wewe uwe tayari?" Nikaenda chumbani kwangu nikikasirika. Ndivyo nilivyojua amesema kweli.

Septemba kijana wa kuleta gesi akaingia. Chapo akaruka kutoka juu ya mlango hadi begani kwake, akaanza kupekua mfuko wa shati akitafuta njugu. Kijana hajawahi kuona kitu kama hicho. Alipiga nduru, akamshika, akamrusha ukutani. Simlaumu hata kidogo. Chapo alichechemea siku mbili. Siku ya tatu akaja mgeni mwingine, shangazi yangu kutoka Kinoo. Chapo akafanya vilevile, moja kwa moja hadi begani.

Nilikaa kitandani nikafikiria. Mwezi wa nne huyu mnyama alikimbia mtu. Mwezi wa tisa anamkimbilia, hata baada ya kurushwa ukutani. Sikumzuia tu asiende. Nilimwondolea kitu alichokuwa nacho. Kama embe, kuna siku ya kuiva, na ukiipita ukidhani unaendelea kuivisha, unaozesha. Na ile video yake akiruka begani kwangu, mliyoipenda kuliko zote, ndiyo iliyokuwa dalili ya ugonjwa.

Fikiria huyo Chapo wa Septemba nje hapa Uthiru. Kuna watoto wenye manati njiani. Paka wa ploti hawalishwi na mtu. Mbwa wamejaa, nyaya za stima ziko kila mahali. Kindi wa kawaida anaishi na haya yote kwa sababu haamini mtu wala paka. Chapo angetua begani kwa mtu wa kwanza aliyekohoa. Singekuwa nimemwachilia. Ningekuwa nimemtupa.

Sasa, maoni yangu, na najua wengine mtanipinga. Mtu aliyemlea mnyama kwa mkono hafai kuwa ndiye anayeamua peke yake siku ya kumwachilia. Nyinyi mliniandikia sana, "fuata moyo, utajua tu siku ikifika." Moyo wangu ulikuwa na miezi mitano ya kujua na haukusema kitu. Moyo unapenda kupendwa. Kila Chapo aliponipanda begani ulikuwa unaniambia bado, bado kidogo.

Na si mambo ya kindi tu. Kenya hii tuna historia ndefu ya kulea wanyama na kujaribu kuwarudisha, na mafunzo yako wazi. Wengi wenu mmeiona ile klipu ya zamani ya simba anawakimbilia vijana wawili, anasimama kwa miguu ya nyuma na kuwakumbatia. Huyo ni Christian. Walimnunua dukani London, Harrods, mwaka 1969 akiwa mtoto, kisha akaletwa kwa George Adamson kule Kora, kando ya Mto Tana. Wale vijana walipokuja kumtembelea 1971 ndipo wakakumbatiana. Watu hulia. Hata mimi nililia. Lakini sehemu ya hadithi ambayo haina klipu ni kwamba mwanzoni mwa 1973 Christian alienda zake na hakuonekana tena. Kwangu mimi hapo ndipo kazi ya Adamson ilipofaulu. Kukumbatiana kulikuwa ni kwa ajili ya watu.

Na mwaka huohuo wa 1971, kambi hiyohiyo ya Kora, simba mwingine aliyezoea watu, Boy, alimuua mfanyakazi wa Adamson, na Adamson mwenyewe ikabidi ampige risasi. Mnyama ambaye haogopi watu si rafiki. Akiwa mkubwa ataua mtu, akiwa mdogo atauawa na mtu. Kindi yuko upande wa pili wa hiyo hesabu, lakini hesabu ni moja.

Mfano mwingine uko karibu, hapo tu Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Sheldrick Wildlife Trust wanalea ndovu yatima. Kama hujawahi kwenda ule muda mfupi wa asubuhi wanaoruhusu watu, panga uende. Daphne Sheldrick, aliyeianzisha 1977 na akafariki 2018, alieleza jinsi alivyompoteza ndovu mchanga aliyeitwa Aisha. Aisha alikuwa amemshika yeye peke yake kama mama. Daphne akasafiri siku chache kwa harusi ya binti yake, na Aisha akaacha kula, akafa. Tangu hapo walezi pale wanabadilishana. Mlezi huyu analala na ndovu huyu leo, kesho analala na mwingine, ili mtoto apende kundi badala ya kumpenda mtu mmoja. Wakikua wanapelekwa upande wa Tsavo. Huko hakuna siku ya kukata utepe na kusema leo mmekuwa wa porini. Wanatoka na walezi mchana, wanakutana na ndovu wa mwituni, mmoja analala nje usiku mmoja, anarudi, anaenda tena. Inaweza kuchukua miaka. Ndovu ndiye anayeamua. Kazi ya mlezi ni kutomfungia njia, na kutomng'ang'ania.

Najua wengine mnasema: lakini si angekaa tu? Nje kuna mwewe, kwako kuna njugu. Hili swali nalichukulia kwa uzito kwa sababu nililitumia mwenyewe kujituliza usiku. Jibu langu ni kwamba kuwa tayari si kuhakikishiwa maisha. Mwewe wa Uthiru watakula kindi mwaka huu na mwaka ujao, na baadhi yao watakuwa wamelelewa na mama zao vizuri kabisa. Tayari maana yake ni kwamba ana anachohitaji ili ajaribu. Na balkoni nayo si salama kama tunavyodhani. Kindi anayekula njugu na mbegu tu anakosa kalsiamu, mifupa inalegea hadi inavunjika akiruka kidogo. Wenzake hana. Mti hana. Ana mimi na simu yangu. Halafu tusisahau, hata mathe hajawa tayari mimi nihame, na nina miaka 22. Tukingoja awe tayari nitazeekea hapa.

Basi anayeamua aangalie nini, kama si moyo? Haya ndiyo niliyoambiwa na watu wanaofanya kazi hii, na sasa nayaamini.

Anakula chakula cha porini, si cha sahani? Majani machanga, magome, mbegu, matunda ya mugumo. Na anafungua ganda gumu mwenyewe.

Anajenga kiota na kulala ndani bila blanketi yako?

Anapanda, anaruka na kushuka kichwa chini bila kuanguka, kwenye matawi ya kweli yanayoyumba? Pazia halihesabiki.

Amekaa na kindi wengine? Porini atajifunza kwao kuliko alivyojifunza kwako.

Amezoea mvua, upepo na usiku akiwa nje kwenye kizimba cha waya, pale pale atakapoachiliwa, kwa wiki kadhaa? Mlango ukifunguliwa awe anapajua. Na chakula kiendelee kuwekwa, ili akikosa kule arudi.

Na la mwisho, ambalo mimi nilianguka: anakuogopa? Pamoja na wewe uliyemlea, si wageni peke yao. Kama bado anakuja ukimwita, hayuko tayari, hata awe mnene namna gani.

Kalenda haiko hapo. Kule Marekani wanaolea kindi wao wa kijivu huongea kuhusu wiki 12 hadi 16 hivi, lakini kindi wetu ni wa aina nyingine, na hata wiki zikifika haziwezi kujibu hilo swali la mwisho.

Septemba nilipiga simu ambayo ningepiga Januari. Niliulizwa maswali mengi na sikufurahia kuyajibu. Sitasema Chapo alipelekwa wapi, kwa sababu nawajua, mtaenda. Aliwekwa na kindi wengine watatu kwenye kizimba chini ya miti. Watu walikatazwa kuongea naye au kumlisha kwa mkono. Mimi nilikatazwa kabisa kumtembelea. Niliuliza kama naweza kuja hata mara moja, nisimame mbali. Nikaambiwa hapana, kila akisikia sauti yangu tunarudi nyuma wiki mbili. Nilijaribu kuona kama hiyo ni roho mbaya. Sikufaulu.

Yule wa makava nilimrudishia pesa ya video zilizobaki. Zile za Agosti nimezifuta. Wengine mmeuliza kwa nini, na wanne wenu mliniandikia kwamba mmepata mtoto wa kindi na mnataka kujua mlivyonunua vikofia vyenu vitamtosha. Ndiyo maana nimezifuta.

Wiki mbili zilizopita nilipata ujumbe wa mistari miwili. Nauweka hapa kwa maneno yangu, na huu ndio mwisho mliokuwa mkidai. Mlango ulifunguliwa asubuhi. Alitoka wa mwisho. Alirudi kula siku nne. Siku ya tano chakula kilibaki.

Sijui yuko mti gani. Kama unaishi pande hizi na umeona kindi akikukimbilia, usimpe kitu. Piga mguu chini umtishe. Na akikukimbia, tafadhali usimwite.